Video ya Don't Speak ina haki kuliko wimbo wenyewe

Kuna ubishi hauishi kila hii ngoma ya No Doubt, bendi ya roki ya Marekani, ikipigwa, hata hapa Mombasa kwa wapenzi wa roki, na sio wengi lakini wapo na wanajua mambo yao. Ngoma ni Don't Speak, iko kwa albamu ya Tragic Kingdom ya 1995, video yake akaiongoza Sophie Muller mwaka uliofuata. Wimbo wote ni mtu anaachwa, amwambia mwenzake asitamke maana kashajua anataka kusema nini na akitamka itauma zaidi. Sasa fungua video utafute hao wapenzi wanaoachana, huwaoni. Waona bendi yenye manung'uniko, wapiga picha wamemganda mwimbaji Gwen Stefani peke yake na wale wanaume watatu wasukumwa pembeni kama hawapo. Ndio wengine wasema video imeuharibu wimbo.

Na hoja yao ina uzito, tusiwabeze. Mtu aliyeachwa juzi anaufungua huu wimbo apate wa kulia naye, badala yake aonyeshwa kesi ya nani kapigwa picha na nani hakupigwa. Kuachwa kwampata kila mtu, Kongowea mpaka California, lakini umaarufu kugombanisha bendi, wangapi hapa yamewakuta? Wangeweka tu mume na mke kila mmoja angejiona pale.

Lakini mi siko upande huo na sababu ni Tony Kanal. Huyu mpiga besi ndiye aliyemwacha Gwen, walikuwa wapenzi miaka kama saba hivi, wakaachana na bendi ikaendelea vilevile. Wimbo Gwen na kakake Eric waliuanza ukiwa wa mapenzi matamu, mambo yalipoharibika ukaandikwa upya. Kwa hivyo anayeambiwa anyamaze si mtu wa kubuni, yuko palepale kwa video, gerejini, besi mkononi, apiga wimbo wa kuachana kwake mwenyewe, sasa ungeleta muigizaji gani akupe zaidi ya hapo? Na walipokuwa wanairekodi hiyo video bendi ilikuwa karibu ivunjike kwa hizo hasira za Gwen kuangaliwa peke yake, zile nyuso hawakufundishwa na mtu. Mtu aliyeachana na jirani yake Mji wa Kale anaijua hiyo hali vizuri sana, jana mmemalizana, asubuhi mwakutana kwa muuza mahamri na salamu lazima itoke.

Gita la kati nalo, lile la nyuzi laini lenye mlio wa Kihispania, ni zuri mno. 1997 MTV wakaipa video tuzo ya kundi bora na mi naona walistahili.

Kinachonisumbua ni kitu kingine, na wanaoilaumu video hawakitaji kabisa. Huku pwani mtu akiimbwa ana haki ya kujibu. Taarab yetu imelelewa na majibizano, ukitupiwa fumbo harusini wamwendea mtunzi akutungie jibu, na watu hawalali mpaka jibu litoke, halafu kila upande una wafuasi wake na hakuna anayebaki na dhuluma moyoni bila kusikika. Tony katika wimbo huu hana hata ubeti. Gwen ana sauti, ana maneno, ana dunia nzima inamuimbia kwa pamoja, na yule mwengine kazi yake kushika mdundo usipotee. Utaniambia alikubali mwenyewe, hakulazimishwa kubaki kwa bendi. Sawa, lakini kukubali kupiga sio kupewa nafasi ya kusema.

Hapo ndio naiona video ina haki kuliko wimbo, maana wimbo unamjua mmoja tu aliyeumia. Kwa video Tony ana sura, na ukimtizama badala ya kumtizama Gwen, kitu wengi hatufanyi, waona naye kuna kitu kimekatika, na wale wenzao wawili pia waliokaa katikati ya ugomvi usiokuwa wao. Wale wanaotaka ibadilishwe iwe ya wapenzi wawili wa kuigiza wangemuondoa huyo mtu kabisa, abaki jina tu la kulaumiwa. Mi ningemuongezea. Beti mbili tu zake, hata asipojitetea.