Vita vya sokwe wa Gombe: ndizi zinabeba lawama kiasi gani?

Kati ya mwaka 1974 na 1978, sokwemtu wa kundi la Kasakela huko Gombe, Kigoma, waliwaandama wenzao wa Kahama waliokuwa wamejitenga nao, wakawavamia mmoja mmoja mpaka kundi lile likatoweka. Watafiti wamegawanyika tangu hapo. Wengine wanasema ndivyo sokwe alivyo: madume kadhaa wakimkuta jirani peke yake, wanamuua bila kujihatarisha sana, na faida yao ni eneo na chakula. Wengine wanasema binadamu ndiye aliyewaharibu, kwa ndizi zake.

Hoja ya ndizi ina msingi. Jane Goodall alipofika mwaka 1960, sokwe walimkimbia, na baadaye wakazoeshwa kwa kulishwa. Msituni tini huiva mti huu leo, ule wiki ijayo, na sokwe hutawanyika vikundi vidogo vidogo kuzifuata. Kituo cha utafiti kikaweka chakula kitamu mahali pamoja, ambapo dume mmoja anaweza kukikalia. Sokwe na nyani wakabanana pale, ugomvi ukazidi. Mtafiti Richard Wrangham alilionesha hilo kwa takwimu mwaka 1974, wakati ulishaji ulikuwa umeshapunguzwa. Mwaka 1991 mwanaanthropolojia Margaret Power akaenda mbali zaidi: jamii ya awali ilikuwa ya amani, ulishaji ukaivuruga.

Hapo ndipo ninapomwacha. Miaka ile ya mwanzo sokwe walitazamwa zaidi kwa darubini, kutoka mbali. Mauaji ya mpakani huyaoni hivyo. Inabidi umfuate mnyama kutwa nzima, kama wasaidizi wa utafiti wa Gombe walivyokuja kufanya: wawili wanachagua sokwe mmoja, wanatembea naye tangu anapotoka kwenye kiota hadi anapojenga kingine jioni, na kila dakika 15 wanaandika yuko wapi na yuko na nani. Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, alieleza mwaka 1974 kwa nini nidhamu hiyo ni lazima: ukiandika kinachokuvutia tu, daftari litajaa mapigano, na saa nyingi za kula na kuchambuana manyoya zitapotea. Ukija kupiga hesabu, mnyama ataonekana mkali kuliko alivyo.

Hata hivyo mauaji ni nadra, kwa hiyo kituo kimoja hakiwezi kuamua kesi. Mwaka 2014 Michael Wilson na wenzake walikusanya rekodi za makundi 18 ya sokwemtu na manne ya bonobo, jamaa wa karibu wa sokwemtu, wakazipambanisha nadharia zote mbili kwa takwimu zilezile. Kama binadamu ndiye chanzo, mauaji yangezidi palipo na ulishaji na bughudha. Hayakuzidi hapo, yalizidi palipo na madume wengi na msongamano mkubwa. Ngogo, ndani ya msitu wa Kibale, Uganda, sokwe hawakuwahi kulishwa, lakini waliua majirani kwa miaka kumi, na mwaka 2009 wakapanua eneo lao kwa takribani asilimia 22.

Kwangu huo ndio ushahidi mzito zaidi, japo idadi yenyewe isomwe kwa makini. Kati ya vifo 152 alivyokusanya Wilson na wenzake, ni 58 tu vilivyoshuhudiwa. 41 vilikisiwa kutokana na dalili kama majeraha ya maiti, na 53 vilishukiwa tu. Sokwe aliyetoweka huenda kafa kwa maradhi. Na msongamano nao una chanzo: msitu wa kando ukifyekwa, wanyama hubanwa ndani, na mkono wa binadamu unaingia kwenye hesabu kwa jina jingine. Mwanaanthropolojia Brian Ferguson ameshikilia kwamba historia ya kila kituo haipimiki kwa alama za jumla za bughudha ya binadamu.

Kuhusu Kahama, uchambuzi wa Joseph Feldblum na wenzake wa mwaka 2018 uliona ufa ukianza mapema 1971, dume Humphrey akigombea ukubwa na madume wenzake Charlie na Hugh huku majike wakiwa wachache. Ni maelezo yanayoshawishi. Lakini takwimu zake ni za nani alifika na nani kwenye kituo cha ndizi, kwa hiyo hazituambii walioambatana siku walizokula tini bondeni bila kupita pale.