Umepoteza Ng'ombe?

Lifti imekufa tena. Siku nyingine ningelalamika kama binadamu wenzangu, lakini leo nimeshuka ghorofa tano kinyumenyume, nimekumbatia chuma cha ngazi, mpaka mlinzi akauliza, "Bosi, unaenda ama unarudi?"

Ni milima ya Ngong hiyo, kando ya Nairobi. Jumamosi ofisi nzima iliamka na afya. Mimi na heshima zangu, kitambi nimekilea miaka kumi na tano bila msaada wa serikali, nikasema mlima wenye mitambo ya umeme na geti la kulipia utanifanya nini? Jamani. Kumbe si mlima, ni saba, imepangwa kama vifundo vya ngumi. Ukishapanda mmoja unateremshwa chini uanze upya, kama mshahara tarehe tano. Kofia ilibebwa na upepo. Nadhani iko Magadi.

Kilele cha nne nikakaa. Akapita mzee wa shuka na akala, mwanambuzi begani, wala hahemi.

"Kijana, umepoteza ng'ombe?"

"Hapana, mzee."

"Mbuzi?"

"Hapana. Naenda Lamwia, kile kilele cha juu kabisa."

"Kuna nani?"

"Hakuna mtu. Nikifika nashukia Kona Baridi."

"Kona Baridi si gari linafika?"

"Linafika, mzee."

Akanyamaza. Akaangalia viatu vyangu vya elfu nane. "Na pale getini umelipa?"

"Nimelipa."

Alinitazama kama ndama aliyezaliwa na miguu mitatu. Halafu, kwa upole kabisa, akanikabidhi mbuzi. "Basi kwa vile huna kazi, nibebee."

Ningekataa vipi? Yeye mbele anapiga mluzi, mimi nyuma na mbuzi, na yule mtoto hakuwa na adabu, alinikojolea koti mara mbili. Lamwia, mita 2,460, wenzangu wote wakapiga picha na mbuzi. Mimi naonekana kiwiko. Mzee akachukua mali yake, akashukuru, akauliza kesho nitapita saa ngapi.

Na leo kuna mtu amependekeza Mlima Longonot! Sikumjibu, nina njaa. Nimejikokota hadi kibandani, nikakuta chapati imepanda bei na imekonda, ukiinua unamwona mama mpishi upande wa pili. Nimeagiza mbili na maharagwe. Nimekula. Sasa napapasa mifuko, na pochi iko mezani, ghorofa ya tano.