Wanaokaa nawe chini, na wanaofungua kinywa

Jana nimeingia kanisani hapa Bergamo, Italia, kumwashia mamangu mshumaa wa kumbukumbu. Hakuna kiberiti wala nta. Unatumbukiza sarafu kwenye kisanduku, taa ndogo ya umeme inawaka, na muda wake ukiisha inazimika yenyewe. Nimekaa pale nikilia mpaka ikazimika. Kanisa kubwa vile, tulikuwa watu watano, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Ningelia hivyo kwetu Muyeye, Malindi, kabla sijapangusa machozi mama mmoja angekuwa keshanikumbatia, mwingine keshauliza nani kafa, na jioni ua ungejaa mikeka.

Neno langu leo ni hilo, na najua litawaudhi baadhi yenu: huku watu hawaji. Kwetu huja, lakini wakishakuja hawanyamazi.

Mnakijua kisa cha Ayubu. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wasimwambie neno, maana waliona uchungu wake ni mkubwa. Hapo walikuwa rafiki kweli. Walipofungua vinywa kumweleza kwa nini yamempata, wakawa mzigo juu ya mzigo.

Mamangu alipoanza kuumwa figo, mhubiri mmoja alikuja nyumbani na kundi lake. Wakaimba vizuri, wakasali, kisha akamwambia ugonjwa haumtoki kwa sababu imani yake ni haba, aache vidonge. Akaviacha wiki mbili. Mwanamke aliyesali rozari kila alfajiri maisha yake yote, anaambiwa imani yake haba! Miguu ilipovimba ndipo shangazi akamkimbiza hospitali. Neno lile sijalisamehe. Naomba kila siku nilisamehe, bado.

Najua mtasema: "Umekwenda Ulaya, sasa unatufundisha kusali." Siwafundishi, ndugu zangu. Kusali kwenyewe nilifundishwa hapo hapo na katekista wetu, chini ya mwembe. "Huyo alikuwa mhubiri wa kupita, si wetu." Sawa. Na Shakahola je? Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na miili ikaletwa mochari ya mji wetu. Msiniambie walikuwa wajinga. Naamini wengi walikuwa na dhiki kama zetu, wakamtafuta wa kuwaeleza dhiki yao, akapatikana mwenye jibu la kila swali.

Wala msidhani nasifu huku. Machi 2020, korona ilipoingia, niliuona upweke ambao simwombei mtu. Usiku wa tarehe 18 malori ya jeshi yalipita mjini yakiyapeleka majeneza miji mingine, kwa kuwa hapa pa kuchomea maiti palikuwa pamezidiwa. Misa zimesimamishwa, mazishi yamekatazwa. Bibi ninayemtunza alifiwa na kaka yake, hakumwona wala hakumzika. Tarehe 27 tulikaa jikoni kumtazama Papa Fransisko akisali mvuani, uwanja wa Mtakatifu Petro mtupu mbele yake. Bibi huyu alikuwa na miaka hajatia mguu kanisani. Akanishika mkono, akanyamaza, hakuuachia mpaka mwisho.

Mei ikawa zamu yangu. Mamangu alikufa na kaunti yetu ya Kilifi imefungwa tangu Aprili, haingiliki haitoki. Hata ndege ingekuwepo ningeishia njiani. Jumuiya hawakuruhusiwa kujaa uani, basi usiku kila nyumba ikaimba mlangoni kwake, na shangazi akasimama katikati na simu ili nisikie. Sauti zilinijia kutoka kila upande. Hakuna aliyenieleza kitu usiku ule, hakuna aliyesema ni mapenzi ya Mungu. Waliimba tu. Mimi imani yangu ilirudi pale, miguu yangu ikiwa kwenye vigae vya jikoni ya watu.

Kuna usiku bado huniingia hofu: nikifia huku, nani atanisalia? Halafu namkumbuka yule mtu wa merikebu ya mmisionari Fransisko Xaveri, iliyotia nanga Malindi mwaka 1542 ikienda India. Alikufa mbali na kwao, akazikwa kwetu kwa sala za dini yake, na Waislamu wenyeji wakayaona mazishi yale ni ya heshima. Mji wetu uliwahi kumpokea mfu mgeni namna hiyo. Najivunia hilo kuliko mnavyofikiri.

Siku hizi Ijumaa jumuiya wanaweka simu mkekani, nami nasali nao rozari. Tendo la tatu la uchungu ni langu, Yesu anatiwa miiba kichwani. Bibi huja akakaa kando yangu. Kiswahili hajui hata neno, ila nikimaliza hunisogezea kikombe cha kahawa, na kina mama wa Muyeye humsalimia kwa jina.