Nilivyopata Binti wa Miaka 20 kwa Usiku Mmoja

Ukiingia mwaka wa kwanza chuo kikuu ukiwa na miaka 37, tatizo lako la kwanza si masomo. Ni shikamoo. Unawakuta wenzako wa kundi la semina wanamsema mhadhiri kwa raha zao, mmoja anamwigiza anavyopandisha suruali. Ukitokea tu, kimya. "Shikamoo." Wote kwa pamoja, kama darasa langu la tatu nililoliacha Chanika. Ukisema marahaba, umbea umekufa hapo hapo, na mimi ndiye niliyeuhitaji kuliko wote, kwa sababu kwenye umbea ndimo watu wanamoambiana swali litatoka wapi.

Niliingia kwa sifa linganishi, yaani kwa mlango wa ualimu. Kidato cha sita alama hazikutosha, nikaenda ualimu, nikaolewa, nikazaa, nikafundisha kuzidisha mpaka nikawa nazidisha ndotoni. Ruhusa ya masomo ilipotoka, mkopo ulikuwa umeshanipita, maana Bodi ya Mikopo inataka mwombaji asizidi miaka 35. Kwa hiyo bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likiingia, wenzangu wanakwenda kula chipsi kuku, mimi nawashikia mikoba.

Mtu pekee asiyeona ajabu ni baba mkwe. Yeye ni wa enzi za Azimio la Musoma la 1974, wakati kijana akimaliza kidato cha sita alikwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanye kazi, ndipo chuo kikuu kimfikirie. "Zamani wewe ungekuwa mwanafunzi wa kawaida kabisa," huniambia. "Sasa hivi ndio wanapeleka watoto wachanga."

Mkasa wenyewe ulianzia kwenye jaribio la saa moja asubuhi. Kutoka Chanika, ili niwahi, ilibidi niondoke nyumbani saa tisa usiku, muda ambao hata makondakta wa Gongo la Mboto bado wanaota. Nikaamua kubebwa. Aliyesoma anaelewa: kitanda kimoja cha hosteli, watu wawili, mmoja jina lake liko kwenye orodha, mwingine ana roho yake tu. Aliyenibeba ni binti wa Kahama tunayesoma naye kozi moja. Ndiye aliyeanza kuniita "Mama", darasa zima likadakia. Usiku ule alipika wali maharage kwa jiko la umeme, tukala tukashiba, tukalala mzungu wa nne, miguu yake puani kwangu.

Saa kumi na moja alfajiri mlango ukagongwa. "Ukaguzi!"

Chumba cha watu wanne, kumbe tulikuwa wanane. Sijawahi kuona wasichana wanapotea kwa kasi ile. Mmoja aliingia kabatini na shuka lake, mwingine chini ya kitanda, na wa tatu mpaka leo sijui alikwenda wapi, ila dirisha lilikuwa wazi na tuko ghorofa ya pili. Mimi mwili wangu si wa kabatini. Nikabaki nimekaa kitandani, nimejifunga kitenge, kilemba kimeangukia jicho moja.

Matroni akaingia na tochi. "Huyu nani?"

"Ni mama yangu mzazi," mwenyeji wangu akasema bila hata kumeza mate. "Ametoka Kahama, basi limeingia Stendi ya Magufuli saa saba usiku. Ningemwacha wapi, matroni?"

Matroni akanimulika kuanzia kilemba mpaka ndala. Nikakaa kimama. Sura yake ikalegea.

"Mwangaluka!" akanisalimu Kisukuma, kwa furaha.

"Marahaba," nikajibu.

Binti akakohoa. "Amechoka na safari."

"Na mvua za Kahama?"

"Zinadondoka dondoka," nikasema. Mimi sijawahi kuvuka Dodoma.

Nilidhani yameisha. Kumbe matroni alikuwa amesubiri siku nyingi mzazi wa binti huyu atokee. Akatuchukua mpaka ofisini kwake, akanimiminia chai ya maziwa, akanisogezea maandazi, kisha akafungua daftari. Mwanao anarudi usiku wa manane. Mwanao anajibu walinzi. Mwanao anapika maharage chumbani kwa jiko la umeme mpaka jengo zima linabaki gizani.

Maharage hayo nilikuwa nayo tumboni. Lakini nikajua pale bila ukali hatutoki, na ukali ndio kazi ninayolipwa na serikali. Nikaweka kikombe chini.

"Simama vizuri! Nimekuleta Dar es Salaam kusoma au kuunguza nyaya?"

Mwanzoni alidhani natania. Nilipofika kwenye "nauza mpunga wangu ili wewe uje kuzurura", macho yalimtoka. Mpunga gani sijui, ila uliniuma kweli. Mazoea ni kitu kibaya: nikamwambia apige magoti, akapiga. Nikamwamuru achukue karatasi aandike barua ya kujieleza, aonyeshe tarehe. Matroni alikuwa ameshika shavu. "Wazazi wa aina yako wameisha," akasema.

Ningenyamaza hapo tungeokoka. Ila matroni akauliza, "Na baba yake anayajua haya? Mpigie tumwambie wote. Weka spika."

Niseme sina namba ya mume wangu? Nikapiga.

"Baba Zai, habari za asubuhi. Niko hapa hosteli na binti yetu."

"Zai? Zai si huyu hapa anapiga mswaki."

"Si Zai. Huyu mkubwa."

Kimya.

"Mkubwa yupi?"

"Huyu wetu wa chuo." Nikakohoa kwa nguvu, kikohozi cha ishara. Umelala na mtu chumba kimoja miaka yote hiyo, na kikohozi chako hakijui.

"Mama Zai," mume wangu akasema polepole, "una mtoto yuko chuo kikuu?" Kisha nikamsikia anageuka. "Mama! Hebu njoo usikie haya."

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea.

Matroni alininyang'anya simu akaikata. Akamwambia binti atoke nje, akafunga mlango, akanivutia kiti karibu na chake.

"Una miaka mingapi, mdogo wangu?"

"37."

Akahesabu kwa vidole. Akarudia. "Ulikuwa kidato cha tatu," akanong'ona. "Wakakufukuza shule." Mimi kimya. "Siku hizi wana bahati, tangu 2021 wakishajifungua wanaruhusiwa kurudi darasani. Wewe uliwahi mno kuzaliwa. Na mumeo hukumwambia. Ungeanzia wapi kumwambia?"

Kidato cha tatu changu cha kweli nilikisoma kwenye bweni la masista, na mwanamume pekee niliyemwona kwa karibu alikuwa mpishi, tena kupitia dirisha la kupokelea ugali. Lakini yule mama alikuwa analia. Machozi yenyewe, na yanadondokea daftari. Nami, kwa uchovu na usingizi, nikaanza kumlilia huyo msichana wa kidato cha tatu aliyefukuzwa shule. Tulilia pamoja mpaka chai ikapoa. Ningemwambiaje ukweli wakati huo? Na chumbani bado kulikuwa na mtu kabatini.

Nilipoinua macho, saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa moja.

"Acha niwahi basi," nikasema.

"Nitakusindikiza." Akanisindikiza kweli. Akasimamisha bajaji getini, akalipa kutoka mfukoni mwake, akamwagiza dereva, "Mfikishe huyu mama Stendi ya Magufuli, usimshushe njiani, ana mawazo." Akapunga mkono mpaka tukapotea.

Tulipokata kona nikamwambia dereva arudi, anishushe geti la pili. Akagoma. "Mama, nimelipwa mpaka Mbezi, na nimeambiwa una mawazo." Nilimbembeleza, nikamtishia, mwisho nikampa hela ya mchana wangu ndipo akageuza, huku akinishauri niende kanisani.

Kwenye jaribio nilifika wameshaanza. Msimamizi akanizuia mlangoni: "Mama, wazazi wanasubiri nje." Nikamwonyesha kitambulisho. Akaisoma picha, akanisoma na mimi, akanipa karatasi. Nilipata alama ambazo sitazitaja hapa, ila mwanangu wa Kahama alinizidi.

Jioni nyumbani nikakuta kikao. Baba mkwe naye ameitwa, amevaa koti. Nikaeleza kila kitu: jaribio, kubebwa, tochi, maharage. Mume wangu akaanza kulegea, hasa binti alipomuunganisha kwa simu na mama yake halisi kule Kahama wakaongea, tena kwa kirefu. Wazee hawakutikisika.

"Mtoto si kosa," mama mkwe akasema. "Kosa ni kumficha."

"Anasoma nini?" baba mkwe akauliza.

"Kozi yangu, baba."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Akapiga paja kwa furaha. "Mama na mwana darasa moja!"

Ikabidi Jumapili nimlete shahidi mwenyewe. Binti nilimfundisha siku nzima kabla: ukiingia, salimia, kaa, sema mimi si mtoto wake, tunasoma wote, asante, kwisha. Akakariri vizuri. Tukakaa kumsubiri, wazee kwenye makochi, mume wangu ananichekea pembeni, Zai kwenye mkeka. Hodi ikapigwa. Akaingia anahema, akazunguka chumba kwa macho mpaka akaniona.

"Mama, samahani nimechelewa, foleni ya Gongo la Mboto imenitesa!"

Mama mkwe alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Yale aliyokariri binti aliyasema yote, neno kwa neno, lakini aliyasema akiwa amekumbatiwa, hayakusikika vizuri. "Ndiyo, mjukuu wangu, ndiyo," bibi akawa anamjibu, "wamekufundisha kusema hivyo." Akamgeuza uso kulia na kushoto, akaridhika na masikio. Kuku akachinjwa.

Tulipokaa kula, Zai akalalamika kuwa paja lake la kila siku amepewa mgeni.

"Nyamaza," bibi yake akamwambia. "Huyo ni dada yako mkubwa."