Kitulo Si ya Kuchungulia Dirishani

Kuna jamaa yangu hapa Mbeya, kazi yake kutembeza wageni, ana mpango anaoupigia debe kila tukikutana. Anasema siku Ziwa Nyasa litakapopata meli za watalii, wageni washuke bandari ya Itungi, Kyela, asubuhi, wapandishwe gari mpaka Hifadhi ya Kitulo, wale chakula cha mchana kwenye maua, jioni warudi melini. Ukimsikiliza unatamani ulipie hapo hapo. Mimi sikubaliani naye hata kidogo.

Kwanza kuna mlima. Ziwa liko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, Kitulo iko kwenye mita 2,600. Mgeni atoke kwenye joto la Kyela, apite migomba na chai ya Tukuyu, akunje Isyonje, aanze kupanda. Akifika juu meno yanagongana, maana nani alimwambia abebe sweta? Na mara nyingi mchana ukungu umeshashuka.

Tuseme haukushuka. Ataona nini kupitia kioo cha gari? Nyasi. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea, haina simba wa kukusimamishia msafara. Okidi, mimea ya maua inayoipa Kitulo sifa, nyingine zina maua madogo kuliko ukucha wa kidole gumba, zimejificha katikati ya majani. Uchuchumae, magoti yalowe, usogeze jani kwa kidole, ndipo uyaone yale madoa kwenye petali. Nusu saa mnaweza kuimaliza kwenye eneo dogo kama sebule. Wengi wetu wa Mbeya wenyewe tunaishia kupiga picha na bango la getini, kisha tunatafuta nyama choma.

Na maua hayo ni ya kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikiwepo. Mlete mgeni Julai umwoneshe nyasi kavu na baridi ya kutisha.

Jamaa hunijibu kwamba Wazungu wanafanya hivyo hivyo. Ni kweli, wanafanya. Kule Maine, Marekani, meli kubwa zinatia nanga Bar Harbor, abiria wanapelekwa Hifadhi ya Acadia na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini Mlima Cadillac una mita 466 tu, uko jirani na bandari, na lami inafika kileleni. Hata hivyo watu walizidi. Tangu 2021 gari la kwenda kileleni linahitaji nafasi iliyowekwa mapema katika msimu wa wageni, na 2022 wakazi wa Bar Harbor walipiga kura abiria wanaoshuka melini wasizidi 1,000 kwa siku. Huku kwetu Ziwa Nyasa, meli ya MV Mbeya II ina uwezo wa abiria 200. Hao 200 wakimwagwa mara moja kwenye nyasi zenye viazi vya okidi chini yake, vile ambavyo watu walikuwa wakivichimba kwa magunia kwenda kuviuza Zambia, sijui tutakuwa tumehifadhi nini.

Meli ikija, wageni wabaki Matema, pale pale ufukweni mwa ziwa. Milima ya Livingstone inateremka mpaka majini, huhitaji gari kuifuata. Wapandishwe mtumbwi hadi Ikombe, wakae na kina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu, nao waushike ule udongo, wachafuke. Wale wali wa Kyela na samaki aina ya mbasa wa kuchoma. Hiyo ni siku nzima, na hela inabaki kijijini.

Anayetaka Kitulo aje kwa safari yake, alale Matamba, karibu na hifadhi, alfajiri apande na mwongozaji kabla ukungu haujaamka. Jamaa anasema naua biashara. Mgeni huyo lakini atalipia kitanda, chakula cha usiku na mwongozaji, wakati yule wa melini anarudi kulala na kula huko huko alikolipia. Mwenye kampuni ni yeye, hesabu hiyo aipige.