Nyumba ya besimenti nitaiangalia Aprili, sio Februari

Sisi watu wa Nairobi tunanunua nyumba tukiwa kwa jua halafu tunahamia kwa mvua. Dada yangu Februari iliyopita aliitwa na broka kuona mezoneti huko Loresho, nikamsindikiza. Ni ya mteremko, ina chumba chini ambacho broka alikuwa anakiita jim, mara ofisi, mara chumba cha wageni. Ukuta mweupe pe. Lakini mbona rangi mpya iko huku chini tu, juu wameacha ya zamani? Nikainama nikanusa, ikanuka gunia lililolowa. Dada akaniambia nimezoea kuharibia watu, broka naye akafungua madirisha yote eti hewa iingie.

Nikatoka nje nikapiga stori na soja wa geti. "Mkubwa, huko chini mwezi wa nne tunachota na ndoo." Broka anauza, soja ndiye analala hapo, mimi nitamwamini nani?

Shida ya chumba cha chini ni kwamba ukuta wake wa nyuma umeegemewa na udongo, na mvua ya masika ikishalowesha kilima chote maji yanashuka polepole ndani ya huo udongo yakisukuma ukuta wiki nzima hata mvua ikiwa imeacha, na haya mawe yetu ya kuchonga yananyonya kama mkate kwa chai. Dawa ya kuzuia maji hupakwa upande wa nje kabla udongo haujarudishwa. Ukipaka kwa ndani unaficha tu, baada ya muda rangi itafura malengelenge na utaona ule unga mweupe, hiyo ni chumvi iliyobaki maji yakikauka. Pitisha kidole. Vuta kabati lililosimamishwa kwa ukuta bila sababu (kuna kila wakati kabati moja la hivyo).

Ukiruhusiwa, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pembeni zote na selotepu, rudi baada ya siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, hilo ni jasho tu, dirisha linaweza kusaidia.

Embakasi na Syokimau ni stori ingine, ule udongo mweusi unafura kwa mvua na kupasuka kwa jua, huko mimi besimenti hata sitaki kuisikia.

Na usiweke sahihi kwanza. Dipoziti kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na ushuru wa stempu, ule unaolipia serikali ukihamisha umiliki, mjini ni asilimia 4, hizo pesa sio za kubahatisha, mlipe injinia aje aangalie, na kama muuzaji hawezi kungoja mvua moja jiulize anaharakia nini.

Dada alininunia karibu mwezi. Mei tukapita hapo tukitoka kanisani, mpira wa maji umetokezea dirisha la chini, pampu inanguruma, soja akatupungia mkono.