Jua la Lamu na moyo wa anayeshinda ndani

Ukitaja upungufu wa vitamini D hapa Lamu, barazani utaulizwa: upungufu gani, na jua lote hili? Swali lina haki yake. Tuko kama digrii 2 tu kusini mwa ikweta, na ngozi hutengeneza vitamini hiyo ikipigwa na jua. Lakini ni jua linaloifikia ngozi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, vina kivuli karibu siku nzima. Kuta za mawe ni nene. Mama anayeshinda ndani hutoka jioni na buibui lake, jua limeshalegea. Tena ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Baharia wa jahazi na mkewe mji wao mmoja, jua lao si moja.

Sasa moyo: je, upungufu huo huuumiza? Mwaka 2008 watafiti wa Framingham, Marekani, waliofuatilia watu 1,739, walikuta waliokuwa na vitamini D chini ya nanogramu 15 kwa mililita ya damu wakiugua moyo na mishipa kwa asilimia 62 zaidi. Kisha 2018 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL: watu 25,871, nusu wakimeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa zaidi ya miaka 5. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Wanaosema upungufu ni dalili tu ya afya mbovu wana hoja: mgonjwa hukaa ndani, na unene nao huishusha vitamini hiyo.

Ila hesabu moja ya VITAL hainitoki. Wastani wa washiriki waliopimwa ulikuwa karibu nanogramu 31, kiwango ambacho madaktari wengi hukiita cha kutosha. Waliokuwa chini ya 20 walikuwa kama mmoja kati ya wanane. Hata kwao nafuu haikuonekana, ni kweli, lakini walikuwa wachache mno kuufunga mjadala. Ukimwongezea sahani aliyeshiba, utajuaje chakula kingemfaa nini mwenye njaa?

Kwa moyo, presha na chumvi ya ng'onda bado zinatangulia, na simshauri mtu kununua vidonge kwa kubahatisha. Lakini upungufu mkubwa hulainisha mifupa, na hilo halina ubishi. Mama anayelalamikia mifupa na misuli dhaifu apimwe damu, asirudishwe nyumbani kwa kuambiwa Lamu ina jua.